Jamvi Halijashuka

Mimi shule niliishia darasa la nne, na sioni haya kuliandika hilo. Waliofika kidato cha nne leo wananibebea magunia. Nina mashine mbili za kukoboa mpunga, moja Kibiti mjini na moja hapa kijijini, jirani na Ruaruke, na matofali yote ya nyumba yangu niliyafyatua kwa mikono hii. Kitu kimoja tu kilinishinda, nacho ni kile ambacho mama yangu na bibi yangu walikiweza bila kukanyaga darasa hata siku moja: kulea watoto wa watu.

Huku kwetu mpunga ukianza kutoa masuke, watu hushinda bondeni kuamia ndege. Huwezi kupiga madebe na kurusha mawe kwa kombeo kutwa huku unamwangalia mtoto asisogee mtoni, na mto wetu una mamba. Basi watoto walibaki kwetu. Alianza mama yake bibi, akarithi bibi, akarithi mama. Malipo hayakuwapo. Mzazi alileta mtoto, kibaba cha mchele, na ukili mmoja, utepe wa miyaa aliousuka mwenyewe. Ule ukili ulishonewa kwenye jamvi la barazani, mtoto akawa na pahala pake. Upande uliochakaa ulikatwa, upande mpya ukaongezwa, na jamvi likabaki lilelile. Watu wazima wenye ndevu zao walikuwa wakipita wanauliza, "Wangu bado upo?" Mama anawaonyesha kwa kidole cha mguu.

Alfajiri alilitandika kabla hata hajasukutua. Jamvi likiwa chini, mzazi hapigi hodi. Anamlaza mwanawe hapo na usingizi wake, anaondoka. Likiwa limekunjwa, pana ugonjwa au msiba, basi anapita naye.

Mama alipougua mara ya mwisho aliniita.

"Hawa watoto utawaacha na nani?"

"Nitawajengea jumba, mama. Vigae, feni, choo cha ndani."

"Sikukuuliza jumba. Nani atakaa nao?"

"Nitaajiri."

Akageukia ukutani. "Haya, baba. Wewe si ndiye tajiri."

Jumba nilijenga, na mpaka Chumbi sijaona la kufanana nalo. Mama alifariki kabla rangi haijakauka. Siku ya maziko nililikunja jamvi mwenyewe, kama ilivyo desturi. Arobaini ilipopita nikaona lile sasa ni kumbukumbu, lisikanyagwe tena. Nikalisimamisha stoo ya mashine, katikati ya viroba vya pumba, lisipate unyevu. Kwenye jumba jipya nikatandika zulia la plastiki, nikaajiri binti mwenye cheti kutoka Kibiti.

Msimu ukafika. Akina mama wakapita na watoto migongoni, wakatusalimia vizuri, wakashuka bondeni. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, wiki nzima hivyo. Binti akachoka kukaa na vigae, akarudi kwao. Mimi nikasema watu hawa hawana shukrani. Nikalisema pale mashineni, kwa sauti, na waliokuwapo wakasikia.

Mwisho nikamsimamisha mmoja njiani, jirani yangu, ambaye naye alilelewa kwa mama. Uji tumekunywa bakuli moja. Mgongoni alikuwa na mwanawe wa miaka miwili.

"Mbona mnanipita kama nina ukoma?"

"Kaka, bado mna msiba. Tutawaleteaje watoto?"

"Msiba gani? Arobaini tumekula ubwabwa, wewe mwenyewe ulipakuliwa mara mbili."

"Mara tatu," akasema. "Lakini jamvi halijashuka, kaka."

Nilikwenda stoo na kitambi changu hiki nikikimbia. Nilipolifungua jamvi lilimwagika kama makapi. Pumba ilikuwa imeita panya, na panya hawakuishia kwenye pumba. Katikati kulikuwa na vichanga vyao, vyekundu, havijafumbua macho. Kili mbili tu ndizo zilizobaki nzima, na sijui zilikuwa za akina nani. Aliyejua alikuwa mama.

Alfajiri ya pili nikazitandika kwenye baraza ya nyumba ya zamani, nikakaa. Jirani akaja, mtoto kalala mgongoni. Akaviangalia vile vipande, akaniangalia mimi.

"Nani atakaa naye?"

"Mimi."

"Akijinyea?"

"Nitamwosha."

"Na mashine itafunguliwa na nani?"

Mimi siku zote nina jibu. Watu wa hapa wanalijua hilo. Siku ile nilifikiri kwanza. Niliwaza magunia yaliyokuwa yakisubiri, niliwaza Kibiti, na nilipofungua mdomo alikuwa ameshakaza kanga upya.

"Mama angekuwa ameshampokea," akasema, wala si kwa ubaya. Akashuka njia ya bondeni.

Bado natandika kila alfajiri, halafu naenda mashineni. Mchana injini ikizimwa, kelele za bondeni hufika mpaka hapa: madebe, mbinja, watu wakifukuza ndege. Siku hizi humo ndani nasikia na sauti za watoto. Natega sikio. Zikinyamaza, nasimama mlangoni nikingoja nizisikie tena.