Ndizi Mbichi za Mama Chen

Mhaya mnyime usingizi, mnyime hata nauli, atanyamaza. Mnyime ndizi uone. Gaudiosa alikuwa amekaa Guangzhou miezi kumi akisomea utengenezaji wa nguo, na miezi yote hiyo alikula wali, tambi, kisha wali tena, bila kulalamika. Ila Desemba ile ya 1998 ulimi ukamponza. Aliwaahidi wanafunzi wenzake wa Afrika Mashariki kwamba Krismasi atawapikia ndizi nyama. Lucas, naye mtu wa Bukoba na mdomo wake hauna breki, akamcheka mbele za watu, akasema watalishwa tambi zilizopakwa rangi ya kijani. Basi ikawa suala la heshima.

Ndizi zenyewe zilikuwepo, tena tele. Nyuma ya bweni palikuwa na soko, na humo mwanamke mmoja aitwaye Chen aliuza matunda. Mbivu alizipanga mezani, mbichi alizifunika kwa magunia chini ya meza mpaka ziive. Gaudiosa aliziona kwa macho yake. Akainama kidogo kama alivyofunzwa kwao, akamwamkia yule mwanamke: "Mama."

Hapo ndipo alipolikoroga. Kwetu kila mwanamke wa makamo ni mama, hata usiyemjua. Kule neno ni hilohilo, mama ni mama, lakini humwiti hivyo ila aliyekuzaa. Muuza samaki wa meza ya pili alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi, akamuuliza Chen binti mrefu hivi alimzaa lini, na mbona hakuwaambia. Chen akaiva masikio kwa haya. Kisha akamtazama Gaudiosa vizuri, akamuuliza anataka nini. Gaudiosa akaonyesha chini ya meza.

"Bu xing," Chen akasema. Haiwezekani.

Akamweleza polepole, kama anayeongea na mtoto, kwamba hizo hazijaiva, zitamsokota tumbo. Mgeni mwingine angemuuzia, shauri yake. Lakini mtu amekuita mama, utamlishaje ndizi mbichi?

Jamani, adabu yake mwenyewe ndiyo iliyomfungia mlango. Alirudi siku tatu, na siku zote tatu akaondoka na ndizi mbivu, tamu, zisizo na kazi yoyote kwenye sufuria. Mkesha wa Krismasi ukafika, na Lucas ameshaanza kuuliza kama alete rangi. Gaudiosa alikaribia kulia, wala si kwa ajili ya Lucas. Ilikuwa Krismasi yake ya kwanza mbali na nyumbani, na alitaka tu asikie harufu ya kwao. Akaenda sokoni mara ya mwisho. Kichina chake cha darasani kilijaa nyuzi na vitambaa, cha jikoni hakuwa nacho, kwa hiyo akasema alichoweza.

"Mama, njoo uone ninavyozipika."

Chen alikuja kesho yake, mkono mmoja kakumbatia chane mbili za ndizi mbichi, mfukoni ana chupa ya dawa ya tumbo. Alisimama katika jiko la bweni, akamtazama Gaudiosa akijipaka mafuta viganjani, akimenya, utomvu ukidondoka, kisha nyama, vitunguu na nyanya vikiingia sufuriani. Lucas alipakuliwa wa kwanza. Alikula kimya, na Lucas kunyamaza ni habari. Chen akamngoja kwa muda aone kama ataanguka. Alipoona haanguki, naye akaonja, akaviweka vijiti pembeni, akaomba kijiko. Alimaliza sahani mbili. Dawa ilirudi na chupa yake vilevile.

Wiki moja baadaye Gaudiosa alipita sokoni asubuhi, akamkosa Chen mezani. Akawa anageuka aondoke. Muuza samaki akamwita, akajifuta mikono, akainama chini ya meza ya jirani yake na kufunua magunia. Akatoa chane ya kijani iliyofungwa kwa uzi mwekundu, akampa bila kucheka hata kidogo.

"Mama yako amesema safari hii utie tangawizi."