Hapakuwa na Mbuzi Ghorofa ya Pili

Masoomah alipomwambia mama yake kuwa kijana anayetaka kumposa anaitwa Shahid, mjukuu wa Mzee Kamil wa Tanga, Bilkis aliuliza swali moja tu. "Kamil yule wa jengo la buluu?" Binti akajibu kwa Kiingereza kwamba habari za rangi hazijui. Tangu siku hiyo usingizi ukampaa mama mtu.

Mzee Kamil, miaka themanini na minne, alikuwa na kisa kimoja. Mwaka 1971 Mwalimu Nyerere alipotaifisha majumba ya kupangisha, serikali ililichukua jengo alilojenga na baba yake. Mwaka uliofuata alihamia Toronto na picha ya jengo hilo kwenye pochi. Ikiwa harusi, ikiwa hitima, picha hutoka. "Mwalimu alitupora," husema, "akatia watu wakafuga mbuzi chumbani kwa mama yangu." Na wazee wenziwe huitikia, maana wengi wao walipokonywa kitu.

Bilkis alikulia katika chumba hicho hicho.

Baba yake, Mhindi kama wao, aliuza vitambaa katika duka la mtu. Mwenye nyumba wao, aliyesali nao safu moja, aliwatoa alipompata mpangaji mwenye uwezo zaidi. Miezi minane mama yake alimlaza Bilkis, angali kichanga, juu ya majora ya kanga nyuma ya duka, mpaka Msajili wa Majumba, aliyesimamia nyumba zilizotaifishwa, alipowapa chumba ghorofa ya pili. Hapo ndipo Bilkis alipojifunza kutembea, na kutoka hapo akaenda shule hadi darasa la saba bila baba kuulizwa ana nini mfukoni. Hapo ndipo Husein alipokuja kumwoa akamleta Scarborough, pembezoni mwa Toronto, kwenye kiwanda cha mikate ambako amesimama miaka ishirini na sita. Msikitini hakumwambia mtu. Aliyelelewa kwenye jengo la watu hulinda ulimi.

"Leo ufunge mdomo, mke wangu," Husein alimwonya asubuhi ya posa. "Zungumza habari za baridi."

"Na akitoa picha?"

"Mpe kababu."

Wageni walifika alasiri. Lifti moja ilikuwa mbovu, kwa hiyo Bilkis alisimama mlangoni akisikiliza ile nzima ikipanda hadi ghorofa ya kumi na nne. Aliingia Mzee Kamil na fimbo yake, Shahid akamfuata, kisha Bi Zebunissa, mke wa mzee, amepakata boksi la mithai, vitamu vya Kihindi, lililofungwa utepe mwekundu. Mkubwa wa ukoo akiridhia, boksi hufunguliwa na watu hulishana. Asiporidhia, hurudi nalo nyumbani. Bilkis hakutoa jicho kwenye utepe ule.

Mzee alikula kababu mbili, akajifuta vidole.

"Nyinyi Tanga mlikaa sehemu gani?"

"Mjini, mzee," Husein akakohoa. "Ongeza chatne."

Lakini pochi ilikwisha toka. "Basi hili mnalijua. Ona dirisha hilo la juu. Chumba cha mama yangu. Mwalimu akawapa watu wa mbuzi."

Shahid akatazama zulia. Kisa hiki alikisikia tangu utotoni. Bilkis alimtazama bintiye aliyeshika sinia ya chai. Akinyamaza leo, itambidi anyamaze kila Idi, na wajukuu zake wataambiwa bibi yao alikuwa mbuzi.

"Mzee," akasema, "hapakuwa na mbuzi."

"Umejuaje?"

"Tulikuwa sisi."

Husein akafumba macho. Bi Zebunissa akaweka mkono juu ya boksi.

"Kumbe ni nyinyi," mzee akasema polepole.

"Nilikuwa wa mwaka mmoja. Sikuja na bunduki."

"Na sasa unamtetea mwizi mbele yangu?"

"Namtetea. Foleni ya sukari nimepanga, mche wa sabuni tumegawana majirani wanne, hayo sikatai. Lakini mnasema aliwaonea Wahindi. Baba yangu hakuwa Mhindi? Alipotupwa nje na mtu wa msikiti wetu, nani alitembea na picha yake kwenye pochi? Mwalimu alichukua kwa wenye nyumba ya kulala na nyingine ya kupangisha. Sisi tuliolala juu ya majora tukapata dirisha. Kwenu alikuwa mwizi. Kwetu alifungua mlango."

Mzee akairudia picha yake.

"Na kizingiti?" mzee akauliza ghafla.

"Chenye jina la mama yako? Kipo. Mama alitukataza kukikanyaga, akasema hilo ni jina la mtu. Tulikiruka zaidi ya miaka ishirini. Mgeni akija, naye huruka. Hata mkaguzi wa Msajili mama alimwambia aruke."

"Mkaguzi wa serikali aliruka?"

"Aliruka, mzee. Na faili kwapani."

Mzee Kamil alianza kucheka chini chini, bega likamtikisika, mwisho akacheka hadi machozi. Bi Zebunissa hakungoja ruhusa, akaufungua utepe.

"Kula kwanza," alimwambia mumewe. "Mwalimu utamtukana ukimaliza."

Mzee akachukua kipande cha barfi boksini, akampita Masoomah, akamlisha Bilkis kwa mkono wake.

"Mwalimu wako sijamsamehe."

"Sikumwombea msamaha," Bilkis alisema mdomo umejaa. "Nimesema hapakuwa na mbuzi."

Alhamisi iliyofuata, kwenye chai ya wazee msikitini, mmoja wao alianzisha habari za majumba yaliyotaifishwa na mifugo iliyopandishwa ngazi. Bilkis alikuwa upande wa wanawake, sikio limesimama nyuma ya pazia.

"Kwangu hapakuwa na mbuzi," sauti ya Mzee Kamil ikamkatiza mwenziwe. "Walikaa watu, tena watu wenye adabu. Muulize mkwe wetu Bilkis."