Mjukuu Wangu Alipokuwa Pilato

Likizo ya Aprili wajukuu wangu wawili huja kwangu hapa karibu na Kangeta, kutoka kwa binti yangu anayefanya kazi Embu. Mwaka huu msichana, ambaye yuko darasa la sita, alikuwa anamalizia mafunzo ya ubatizo kanisani kwetu, abatizwe Pasaka. Tena alipewa kuwa Pilato kwa mchezo wa Ijumaa Kuu.

"Hakuna mtu alimtaka Pilato, Shosho. Wavulana wote wanataka kuwa askari ndio wapate mkuki."

Ndugu yake mdogo alipewa Baraba, na akafurahi, kwa sababu Baraba anafunguliwa aende nyumbani.

Walijizoeza jikoni, na jagi na beseni ya kunawisha wageni. Msichana alikunja uso, akapiga kelele.

"Hapana," nikamwambia. "Pilato hakuwa na hasira na mtu. Alitaka tu maneno yaishe, arudi kwa chakula chake."

"Kwani Shosho ulimwona?" akauliza mdogo.

Nilimwona. Mume wangu alipokufa, shemeji yangu alitaka miti yote ya miraa aliyoacha iwe yake. Nilimwambia hiyo ni ya watoto wangu. Akanikata mkono wa kushoto na panga, mchana, watu wakiangalia. Mama yake shemeji alisema ni shetani amemwingia. Si shetani, ni yeye. Vidole viwili havikunjiki mpaka leo. Nilikimbilia kwa mzee wa kanisa, mkono nimeufunga na leso. Nilimpata mezani. Akaniangalia, akaita mtoto amletee maji, akanawa polepole. Akasema, "Mambo ya boma yamalizwe bomani. Mimi sijaona kitu." Akaanza kula. Naibu wa chifu aliposikia mzee amesema hivyo, na yeye akanyamaza. Miraa ikaenda.

Basi nikanawa mbele ya watoto, nikayasema hayo maneno vile yalisemwa.

"Lakini hayo si ya Biblia," msichana akasema.

"Ya Biblia utasema kanisani. Hapa shika sauti tu."

Sikumwambia ni sauti ya nani. Yule mzee bado ni mzee wa kanisa, na ndiye aliyekuwa akimfundisha ubatizo. Humwita mtoto "mwalimu mdogo", na mtoto anampenda. Niliogopa nikimtaja, msichana ataacha mafunzo na kanisa lenyewe, maana akikataa kitu amekataa. Mimi niliishia darasa la tatu, Biblia naisoma na kidole. Miraa walichukua, shamba wakapunguza. Imani ndiyo kitu cha pekee nilichokuwa nacho cha kuwaachia hawa watoto.

Ijumaa kanisa lilijaa, mzee akiwa benchi la mbele. Maji yalipomwagika mikononi, maneno ya Biblia yakampotea msichana. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Mambo ya boma yamalizwe bomani. Mimi sijaona kitu."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Aligeuza kichwa akanitafuta upande wa wanawake. Nilimwangalia mpaka akageuka.

Tukirudi nyumbani mdogo alitangulia, akiambia kila mtu njiani kwamba yeye ameachiliwa.

"Shosho, nimeharibu?" msichana akaniuliza.

"Hujaharibu."

"Mbona mzee alikaa vile?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini angekuja kusikia kwa watu, na baadaye hata yale ya Yesu niliyomwambia angeyatilia shaka. Nikamwambia yote, ya shemeji na ya mzee, na majina yao. Karibu na lango akasimama.

"Kesho ni darasa la mwisho. Niende?"

"Uende. Ubatizo si wake."

"Na nimsalimie?"

"Msalimie. Ni mzee."

"Wewe humsalimii."

"Mimi ndiye nilikatwa."

Jumamosi alienda. Nilipalilia maharagwe nikiangalia barabara, nikafika mwisho wa mstari bila kujua nimeng'oa magugu ama maharagwe. Alirudi saa saba, akakaa karibu na mimi.

"Hakufundisha sana leo," akasema. "Amesema nikwambie pole."

"Mwambie aje aseme mwenyewe."

"Nilimwambia hivyo. Nilijua utasema."

Jumapili alibatizwa, nami nimesimama nyuma yake, mkono wangu mbaya begani mwake. Mzee hajakuja kwangu bado.