Tangazo la Tatu

Nyumbani kwake hakuna aliyewahi kumsikiliza Mama Tangazo, na ukimwuliza atakwambia hivyo mwenyewe. Kazini, uwanja wa ndege, ni habari nyingine. Akisema wasafiri waelekee mlango wa nne, watalii wanainuka wote kama watoto wa chekechea, na mabega yao yaliyobabuliwa na jua na vinyago vyao vilivyoviringishwa kwenye magazeti, wanaelekea mlango wa nne. Akisema nyumbani sahani zitolewe mezani, mumewe, fundi wa mafriji, anajinyoosha kwenye kochi na kuwaambia watoto, "Tulieni, hilo ni la kwanza tu. Tusubiri la tatu."

Utani huo mume aliutoa kwenye sheria ya uwanja wa ndege. Abiria aliyechelewa huitwa mara tatu, na katika tangazo la tatu huambiwa kuwa mzigo wake utashushwa na mlango utafungwa. Baada ya hapo hata awe nani, ndege inamwacha.

Kazi yenyewe ilimwangukia tu. Alikuwa akiuza kadi za posta kwenye kiduka cha ukumbi wa kuondokea, siku moja mtangazaji akashikwa na mafua, na msimamizi wa zamu akapita akamsikia akibishana na mteja juu ya chenji. "Wewe," akamwambia, "njoo huku." Tangu hapo yuko kwenye kichumba kisicho na dirisha, nyuma ya ofisi ya mizigo iliyopotea, yeye na kipaza sauti, feni inayolalamika, simu ya mezani na kikombe cha maji ya uvuguvugu ya kulainisha koo. Hajawahi kuona ndege aliyoitangaza ikiruka. Anajua imeruka maji yakitetemeka kikombeni.

Na ana maringo kidogo, tuseme ukweli. Kabla ya kusema "Mabibi na mabwana" hufunga kifungo cha juu cha shati, wakati hakuna anayemwona zaidi ya feni. Sokoni akitaka kupunguziwa bei ya vitunguu huichomekea kidogo ile sauti ya kazini, mpaka muuza vitunguu amemzoea. "Dada, hapa hakuna ndege," humwambia. "Lipa."

Asubuhi tunayoisema alikuja kazini na mama yake. Mdogo wake Mama Tangazo, kitinda mimba wa nyumba yao, anaishi ng'ambo, na mkewe alikuwa amejifungua. Viza ya mama ilikataliwa mara ya kwanza, na ya pili ilipatikana baada ya kijana huyo kuihangaikia mpaka akakonda. Tiketi haikuwa ya kubadilishwa tarehe. Na mama alikwisha sema, na akisema amesema: "Hii ikishindikana, basi. Sirudi tena kwenye lile dirisha la ubalozi kuulizwa na mtoto mdogo kama nitarudi kwangu. Mjukuu atanikuta kwenye picha."

Kwa kitambulisho chake cha kazi, Mama Tangazo alimpitisha mama kwenye ukaguzi, ambako mashine ilipiga kelele kwa sababu ya pini alizojichomeka kila mahali, kisha akamkalisha kwenye kiti kilichotazamana na mlango wa nne.

"Mama, kaa hapa. Usizunguke madukani, usimfuate mtu. Usiinuke mpaka nikwambie. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mwanangu," mama akajibu, kwa upole ambao ungepaswa kumtia mtu yeyote wasiwasi.

Nia yake ilikuwa kutoka mwenyewe wakati ukifika, amshike mkono mama mpaka mlangoni. Lakini siku hiyo ndege mbili zilitua kwa pamoja, ya tatu ikachelewa, na simu haikupumua. Msimamizi alikuwa ameteremka kutuliza kundi la wageni ambao mabegi yao yalikuwa yamekwenda nchi nyingine. Kipaza sauti hakiachwi peke yake. Alipofika kwenye tangazo la kupanda ndege mlango wa nne, alilisoma vizuri kabisa na kujiambia kuwa mama atawaona wenzake wakiinuka, naye atainuka.

Muda kidogo simu ikalia. Alikuwa binti wa zamu mlango wa nne. "Mama Tangazo, kuna abiria mmoja hajafika. Niitie," akasema, akasoma jina kama lilivyo kwenye pasipoti, la ukoo likitangulia.

Mama Tangazo akaliandika, akafunga kifungo, akafungua kipaza sauti na kuanza. Katikati ya jina ndipo akatambua analitaja la nani. Hakuwa amelitamka maishani mwake. Nani humwita mama yake kwa jina? Uso ukamwaka moto, ila sauti ya kazini haikutetereka, ikaenda mpaka mwisho.

Akarukia simu. "Huyo ni mama yangu! Yuko hapo mbele yako, amejitanda kitambaa cha rangi ya chungwa."

"Mama Tangazo, mbele yangu kuna watalii wa ndege iliyochelewa, wamesimama wote wananiuliza. Hata viti sivioni. Ita tena, rubani anataka kufunga."

Akaita la pili.

Na mama je? Mama alikuwa palepale, mkoba magotini, uso ameuinua kuelekea kipaza sauti cha darini. Jina lile liliwahi kuitwa na mwalimu wake wa shule, na baada ya hapo hakuna aliyelihitaji, kwa hiyo lilimpita kama la jirani. Alimgusa bega mgeni aliyekaa pembeni yake. "Huyo ni binti yangu," akamwambia, akionyesha dari. "Huyo anayesema." Mgeni hakuelewa neno, ila aliitazama dari kwa heshima na kutabasamu. Tangazo la pili lilipokwisha mama alitikisa kichwa. "Kuna watu wazembe. Mtoto anawaita kwa adabu namna ile, wao kimya."

Kule kichumbani Mama Tangazo aliishika karatasi ya tangazo la tatu. Alilijua kwa moyo. Aliogopa, waziwazi kabisa, maana akilisoma lile, mzigo wa mama yake unashushwa na mjukuu anabaki picha. Akaiweka karatasi chini. Akafungua kifungo cha shati.

"Mama!" Ilikuwa ile sauti ya nyumbani, ya sahani. "Mama, ni mimi! Nilikwambia usiinuke mpaka nikwambie, sasa nakwambia, inuka! Mlango wa nne, mbele yako! Ndege inakuacha!"

Ukumbi mzima ulishtuka. Akina mama wasiohusika na ndege hiyo waliinuka wakishika mikoba. Mmoja alimtoa mtoto wake duka la chokoleti bila kujua kwa nini. Watalii waliokuwa bado wamekaa, ambao hawakuelewa hata silabi, waliinuka nao na kuelekea mlango wa nne, kama kawaida yao.

Simu ilikawia kulia. Ilipolia, haikuwa sauti ya yule binti.

"Mbona unanifokea mbele za watu?"

"Mama! Umefika! Mama, nimekuita mara mbili!"

"Mimi? Ulikuwa unamwita mtu mwingine huko. Uliniambia nikae mpaka uniambie, nikakaa. Nilikuwa nakusikiliza wewe tu. Tangu asubuhi sijakosa hata neno."

Mama Tangazo, ambaye maneno ndiyo mshahara wake, akanywa funda la maji. Miaka yote amelalamika kuwa hasikilizwi, na siku aliyopata mtu wa kumtii nusura amkoseshe ndege.

"Haya, naingia," mama akasema. Kisha akashusha sauti. "Lakini lile dege ni kubwa, mwanangu. Sema tena. Siyo hii ya kufoka, ile yako ya taratibu. Nikiisikia nitafika kwenye ngazi."

"Niseme nini, mama?"

"Chochote."

Mlango wa kichumba ukafunguliwa na msimamizi akaingia anahema, kidole cha kukaripia kimeshainuliwa. Mama Tangazo alikuwa ameshafunga kifungo. Karatasi iliyokuwa karibu na mkono wake ilikuwa ile ya kila siku.

"Mabibi na mabwana," akasoma, taratibu, "mnaombwa msiache mizigo yenu bila uangalizi."

Akaisoma mpaka mwisho. Akairudia. Mara ya tatu aliisoma macho yake yakiwa kwenye kikombe, na msimamizi akakishusha kidole, akavuta kiti, akakaa. Maji yalipotetemeka kikombeni, alikuwa bado anasoma.