Chupa Bwawani Mwezi wa Saba

Mwezi wa saba Moshi kuna baridi ya kuvaa sweta, si baridi ya kugandisha maji. Hilo kila mtu analijua. Baba yangu naye alilijua, ila hakuliamini.

Baba alikuwa mpagazi. Kwa miaka mingi aliwabebea wageni mizigo hadi kambi za juu kabisa za Kilimanjaro, mpaka baridi ilipomla vidole vya mguu wa kushoto. Alishuka akichechemea. Mama alilia, kisha akajifuta machozi na kusema potelea mbali vidole, mume nimerudishiwa. Wakati ule hoteli ndogondogo zilikuwa zikiota Moshi kama uyoga, kila mwenye uwezo kidogo anajenga vyumba vya wageni, na baba akapata kazi ya kutunza bwawa la kuogelea kwenye hoteli moja Njoro. Kazi ya kusimama kwenye sementi tambarare, kuopoa majani na kutia dawa. Mama aliisalia rozari kazi ile. Kwake ilikuwa na maana moja tu, kwamba mume wake hapandi tena mlimani.

Mwenye hoteli alikuwa kijana wa kwetu, Old Moshi, aliyeishi Ulaya ya kaskazini akarudi na kontena la vitu vilivyokwisha kutumika. Ndani yake mlikuwa na skima mbili. Skima ni lile sanduku la plastiki linalojengewa ukutani mwa bwawa, mdomo wake ukiwa usawa wa maji, linyonye majani na wadudu wanaoelea. Moja ilikuwa imepasuka toka juu hadi chini, na baba akataka kujua imepigwa na nini.

"Na barafu, mzee," kijana akamwambia. "Maji yakiganda yanavimba, yanatafuta pa kwenda."

"Sasa huko wenzetu wanafanyaje?"

"Baridi ikikaribia wanazima pampu, wanapunguza maji mpaka yawe chini ya mdomo wa skima. Halafu wanatia humu chupa ya plastiki yenye mchanga kidogo. Barafu ikija inaibana chupa, skima inapona."

"Na hii nzima ikipasuka?"

"Hapa nchini hupati nyingine. Itunze kama mboni ya jicho."

Kijana alisema hivyo akicheka. Baba hakucheka. Jioni ile, tukila mtori wa ndizi, alituuliza kama tumeona barafu ya Kibo inavyopungua mwaka hadi mwaka.

"Inakwenda wapi?" akauliza.

"Inayeyuka, baba," nikamjibu. Nilikuwa nimemaliza shule, nashona nguo sokoni, na nilikuwa na jibu la kila kitu.

"Inayeyuka inakuwa maji, sawa. Na baridi yake je? Baridi haipandi, mwanangu, inateremka. Mimi nimelala nayo, naijua."

Nilifungua mdomo, mama akanikanyaga mguu chini ya meza.

Basi mwezi wa saba ukaingia na ukungu wake. Mlima ukajifunika siku baada ya siku, na kule kwetu juu hata ng'ombe walikuwa hawataki kutoka zizini. Mwenye hoteli akasafiri kwenda Dar kwa shughuli zake. Baba alitazama lile wingu zito, akaona limekaa chini kuliko alivyowahi kuliona, akazima pampu, akapunguza maji na kutia chupa ndani ya skima. Akaifunga kwa kamba ya mgomba isije ikaelea. Mpishi wa hoteli akamuuliza kama na sufuria zake azivalishe sweta. Baba akamwambia acheke tu, asubuhi moja ataamka akute maji yamekuwa jiwe.

Maji hayakuwa jiwe, yalikuwa ya kijani. Bwawa lisilozungushwa maji halichelewi kuoza, na tajiri aliporudi alikuta vyura wanaimba na wageni wamekwisha kuhama. Alimwamkia baba shikamoo, kwa kuwa alilelewa vizuri, kisha akamfukuza kazi.

Baba alirudi nyumbani mchana kweupe. Alikaa kwenye benchi nje ya jiko, akavua viatu, akatuambia bila kututazama kwamba amekwisha kuzungumza na rafiki yake wa zamani anayeongoza wageni mlimani. Jumatatu anapanda naye. Atapewa mzigo mwepesi.

Mama alikuwa akimenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Kwa mguu upi?" akauliza.

Baba akaanza kuvikung'uta viatu vyake. Mimi niliingia ndani nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia tajiri, nikaukasirikia mlima, nikamkasirikia na baba mwenyewe kwa kuwa mkaidi namna ile na kwa kuwa nampenda.

Asubuhi iliyofuata mama aliamka akaenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, yaliko masale, ile mimea ya majani marefu tunayowekea mipaka ya mashamba. Akakata jani moja, akalifunga fundo, akalificha ndani ya kanga. Kwetu mtu akikujia na jani la isale lenye fundo, amekuja kuomba msamaha, nawe huna ruhusa ya kukataa. Wazee wanasema hata aliyeuliwa ndugu yake hupokea. Baba hakuambiwa kitu. Mama akanichukua mimi, tukateremka Njoro.

Kijana alipoliona jani alisimama upesi kama aliyekalia siafu.

"Mama, hapo unanionea."

"Sijakuonea, baba. Nimekuletea jani tu."

Alikaa Ulaya miaka yote ile, akajifunza na kula samaki wabichi, lakini mikono yake ilikuwa bado ya Old Moshi. Aliinyoosha yote miwili akalipokea. Kisha akaketi na kuuliza kwa upole, "Kweli mzee anaamini maji yataganda hapa?"

"Wewe baridi ilikukuta umevaa koti," mama akasema. "Yeye ilimkuta amebeba koti la mtu mwingine."

Yule kijana akalilaza jani magotini. Kisha akasema baba arudi kazini. Maji asiyapunguze, ila kwa kuwa pampu huzimwa jioni, chupa yake aitie jioni na kuitoa asubuhi kabla ya kuiwasha. Baridi si huja usiku? Mama akasema aika, asante ya kwetu, aika sana, na hapo ndipo sauti yake ilipokatika. Sijawahi kumpenda mtu tajiri, lakini siku ile nilimpenda yule.

Baba alipoelezwa alisema ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo, akaomba maji ya kuoga. Jumatatu alfajiri, kabla ya kuondoka kwenda hotelini, alinituma kwa rafiki yake nikamwambie asimsubiri. Alikuwa na wasiwasi kweli. Alisema safari ya watu wengi ikipungukiwa mtu mwenye uzoefu huharibika.

Nilimkuta yule mzee akigawa mizigo kwa vijana wake. Nikamwamkia, nikampa ujumbe. Aliachia kamba aliyokuwa akiifunga, akashusha pumzi.

"Afadhali, mwanangu. Nilimkubalia kwa sababu baba yako nisingeweza kumwambia hapana machoni. Lakini tungefika geti la hifadhi ningemrudisha. Kwa mguu ule nisingempandisha, hata kwa mzigo wa manyoya."

Kumbe hapakuwa na mlima wowote wa kurudia. Kama yule kijana angelikataa lile jani, baba angerudi kutoka getini, mbele ya vijana, hana bwawa na hana mlima, na sijui angeingiaje nyumbani.

Niliteremka moja kwa moja hadi hotelini. Baba alikuwa ameinama kando ya bwawa, anaopoa majani. Alinyanyuka.

"Amesemaje?"

"Amesikitika sana, baba. Anasema hajui atampata wapi mwingine kama wewe."

Baba akatikisa kichwa polepole, akiwaonea huruma wale wanaopanda.

"Nilijua," akasema. "Watapata tabu kweli."