Nani Alimrudisha

Mimi na mume wangu tuliishi Mwanza miaka ishirini na sita, kwenye nyumba tuliyoijenga juu ya mawe. Kijijini kwao, huko Mara, tulikwenda kwenye misiba tu, na hakukubali hata kulala. Alipofariki, ndugu zake walisema mtu anazikwa kwao. Nilikuwa nimechoka, sikutaka maneno, nikasaini kibali cha kusafirisha mwili.

Kwenye kesi ya mirathi, shemeji yangu akadai makazi ya kudumu ya marehemu yalikuwa kijijini, hivyo kwa mila za huko nyumba ni ya ukoo. Nikabisha. Nikasema mume wangu alihama moja kwa moja.

Hakimu akainua kile kibali. "Mama, kama alihama, nani alimrudisha?"