Jina Chini ya Msimbo

Bosi wangu hakuandika hata mstari mmoja wa msimbo ule. Naanza na hilo kwa sababu wapo watu mtaani Bilele, Bukoba, ilipo ofisi yetu, wanaosimulia vingine hadi leo.

Ofisi yetu ilihifadhi video za harusi na misiba kwenye mashine kuukuu. Kunakili video moja ndani ya diski ileile kulichosha, kwa sababu programu ilichota kipande cha data, ikakivuta kwake, kisha ikakirudisha kulekule ilikokitoa. Ni kama kubeba ndizi kutoka Muleba hadi Bukoba ili umpelekee jirani yako wa Muleba. Sikuuvumilia upuuzi huo. Niliingia kwenye kerneli, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi ambayo wengi wanaiogopa, nikaandika msimbo wa kunakili data moja kwa moja kutoka inodi hadi inodi. Inodi ni rekodi ndogo ambayo kerneli huliwekea kila faili, inayoonyesha data yake imekaa wapi.

Mwanzoni msimbo ulikimbia, kisha ukaganda. Katika majaribio nilinakili faili la kwanza kwenda la pili, na wakati huohuo la pili kwenda la kwanza. Kazi moja ilifunga inodi yake isiguswe na nyingine, ikisubiri ya mwenzake, na mwenzake vivyo hivyo, na hakuna iliyoachia. Dawa yake ni kufunga zote mbili kabla ya kuanza, na daima kutanguliza yenye anwani ndogo kwenye kumbukumbu ya mashine, iwe inatoa au inapokea. Kerneli haiulizi nani mkubwa wa nani. Nililipenda sana jambo hilo.

Nikataka kuupeleka msimbo kwa watunzaji wa kerneli, watu wa nchi mbalimbali wanaopokea kazi ya yeyote kwa barua pepe. Chini yake mwandishi huweka jina, akithibitisha kuwa kazi ni yake. Bosi akavuta kiti.

"Weka jina langu. Lako litafuata siku nyingine."

"Bosi, wewe hujaandika."

"Mashine ya nani? Umeme analipa nani? Binti, watu wale wanataka mtu mzima."

Nikamwambia basi tuwaandike na mafundi wa umeme. Akasema nichague, jina lake au mlango.

Nilikwenda nyumbani Nshamba. Baba alikuwa kibanjani, shambani kando ya nyumba, akikata majani makavu ya migomba, akanisikiliza bila kuweka kisu chini.

"Mwana wange, mpe. Utakosa kazi kwa ajili ya jina?"

"Tata, jirani akikuazima jamvi la kuanikia, kahawa inakuwa yake?"

"Hayo ni mengine," alisema, lakini hakunihimiza tena.

Niliutuma msimbo nikiwa hapohapo, kwa intaneti ya simu, na jina langu peke yake. Nakala nilimpelekea bosi, asije akasema nimefanya kwa kificho. Siku hiyo hiyo akanifukuza. Sikulia. Nilikula ndizi na maharage nikashiba.

Jibu la mtunzaji mmoja lilikuja wazi, kila mtu analisoma. Aliuliza: je, mtu akinakili sehemu ya faili ndani ya faili hilohilo? Sikuwa nimewaza. Hapo inodi ni moja tu. Msimbo wangu ungeifunga, kisha ungetaka kuifunga tena, ukabaki unajisubiri wenyewe na usitoke. Lilikuwa kosa la waziwazi, na jina langu lilikuwa chini yake.

Bosi naye alikuwa amelipata jibu hilo. Ujumbe wake uliingia nikiwa bado nimeishika simu: ungeweka jina langu, aibu hii ningekubebea mimi.

Nikamjibu kwamba hata kosa ni langu, asiliguse.